Mbwa wa Ndani ya Kochi

Dada yangu hampi mbwa jina. Kumi na wanane wamepita mikononi mwake kwa miaka sita, na wote aliwaita Mgeni. "Ukishampa jina umeshamnunua," husema, "na mimi sina ghala." Maneno ya kununua na ghala aliyaokota kwangu. Mengine yote kuhusu mbwa anayajua mwenyewe, na mimi kwa muda mrefu nilijifanya siyaoni, kama mtu anavyojifanya haoni mkia wa panya chini ya kabati la jirani.

Kazi yetu ni makochi. Mimi nanunua yaliyochoka kwa watu wanaohama, kwa ofisi zinazofungwa, kwa wajane wasiotaka tena kuona alipokuwa akikaa marehemu. Dada anayavua nguo, anagonga fremu, anatia sponji mpya, anayavika kitambaa, na mimi nayauza kama yaliyozaliwa jana. Duka liko mbele, karakana nyuma, chumba chake pembeni ya karakana na changu juu. Mtaani wanamwita Mama Sponji, ingawa hana mtoto. Mimi wananiita Bei ya Mwisho, kwa sababu bei yangu ya mwisho haijawahi kuwa ya mwisho.

Ni mkubwa wangu kwa miaka minane. Mama alipofariki, yeye alikuwa na miaka kumi na miwili. Alipelekwa kufanya kazi katika nyumba ya watu, na alichopata huko ndicho nilichokula. Kuhusu nyumba ile amewahi kuniambia jambo moja tu: kwamba palikuwa na upenyo kati ya jokofu na ukuta, na yeye alikuwa anaenea. Nilipotaka kuuliza zaidi aliniambia nishike upande ule wa kitambaa nivute.

Mbwa hao dada alianza kuletewa na kituo cha kuokoa wanyama. Si kila mbwa. Mbwa wa kuchekacheka hupata watu wa kuwachukua wiki ileile. Kwake waliletwa wale walioshindikana, wasiotaka kumwona binadamu hata kwenye picha. Kazi yake ilikuwa kuwakalisha karakanani mpaka wakubali kuguswa, kisha kituo kiwatafutie mtu wa kuishi nao. Halipwi. Nilimwuliza mara nyingi anapata nini, na kila mara alikuwa na misumari mdomoni.

Huyu wa kumi na tisa aliletwa ndani ya boksi la mbao. Mkaguzi wa kituo, mwanamama wa viatu vya mpira na faili kifuani, hakuzunguka.

"Mama, sikudanganyi. Huyu aliachwa uani wapangaji walipohama. Walimfunga kwa waya, na waya ulikuwa umeshaingia ndani ya shingo. Nakupa siku thelathini. Zikiisha hajashikika na hana wa kumchukua, daktari anamchoma sindano ya kulala asiamke. Nina mbwa kumi na mmoja wanalala koridoni."

"Weka hapo," dada akasema.

"Hutaki kumwona kwanza?"

"Yeye hataki kuonwa."

Boksi lilipofunguliwa nikaona kitu cha rangi ya majivu kikipita kama maji ya kumwagwa, moja kwa moja hadi kwenye kochi la watu watatu lililokuwa ukutani. Kochi lile lilikuwa limevuliwa mgongo, na ndani palikuwa na uwazi kati ya mbao na spring'i. Mbwa akaingia humo.

Na kochi lenyewe nilikuwa nimeshampa ahadi daktari wa meno, la kukalisha wagonjwa wake.

"Dada, hilo ni la mtu."

"Sasa ni la Mgeni."

"Daktari akipiga simu nimwambie nini?"

"Mwambie linaota meno."

Siku ya tatu wahenga wanasema umpe mgeni jembe. Huyu angelikimbia jembe. Alikuwa anakimbia ufagio, kikohozi, kivuli cha mkono. Nyundo ndiyo ilikuwa balaa kubwa kuliko zote: pigo moja tu, na ndani ya kochi kulikuwa kunasikika kucha zikikwaruza mbao kama mtu anayechimba kutoka kaburini. Dada akaweka nyundo kabatini. Kila kilichopaswa kupigiliwa alianza kukishona kwa mkono, kwa sindano nene na uzi wa nta. Kazi ya siku mbili ikawa ya siku sita. Wateja wakanijia juu. Nikawaambia kila mmoja uongo wake.

Namna yake ya kuwatuliza nimeiona miaka sita, na sijaona anayeifanya kama yeye. Anaketi sakafuni na kazi yake mapajani, mgongo kwa mbwa. Hamwangalii. Hamwiti. Baada ya muda anatupa kipande cha ini nyuma ya bega lake, bila kugeuka, na kuendelea kushona. Siku ya kwanza ini linakauka pale lilipoangukia. Siku ya nne halipo. Siku ya sita anatupa karibu zaidi. Kazi nzima ni kumpa mbwa mgongo mpaka mbwa mwenyewe ashikwe na udadisi.

Kwa kweli ni kazi yangu ileile. Mteja wa kweli humshiki shati. Unamwacha azunguke, unapangusa vumbi kwingine, unajifanya kochi lile lina mwenyewe. Anayekimbilia kuuza ndiye anayepunguza. Ila kazi yangu ina hatua moja ya mwisho ambayo yake haina: mteja akisema ndiyo, unaunyaka mkono wake hapohapo, unautikisa, unaita wabebaji. Maana ndiyo ya mteja huchacha haraka kuliko maziwa. Hatua hiyo ndiyo iliyonipa kila nilicho nacho.

Siku ya kumi na moja Mgeni alitoa kichwa. Siku ya kumi na nne alilala nje ya kochi, nusu ya mwili, huku dada akishona hatua tatu mbele yake. Kituo kilitaka mbwa azoee mkanda wa shingoni, lakini ile mikanda ya ngozi ilikuwa inakaa palepale palipokatwa na waya. Dada akashona wake kwa vipande vya mahameli, mlaini kama sikio, akauweka sakafuni pamoja na ini. Kila siku aliuacha karibu zaidi. Siku ya kumi na nane nilishuka asubuhi nikamkuta mbwa kauvaa.

"Umemvalishaje?"

"Ameingiza kichwa mwenyewe kufuata ini. Punguza sauti. Na usimguse shingo. Hata mimi bado simgusi."

"Mimi na shingo ya mbwa tunajuana wapi?"

Hapo ndipo alipokuja fundi saa. Ana kibanda chini ya ngazi za jengo la mkabala, upana wa mlango tu, na alikuwa ametuletea kiti chake kimoja kishonwe upya. Mjane wa kiume, mtu wa maneno matano kwa siku. Miaka arobaini ya kuinamia saa imemfanya awe haangalii watu usoni. Anaangalia mikono yao. Alipokuja mara ya kwanza kuulizia kiti, mbwa hakukimbilia ndani. Alisimama tu, akitetemeka, akimwangalia yule mtu asiyemwangalia. Dada alimwona. Akamwambia kiti hakijawa tayari, aje tena kesho. Kiti kilikuwa tayari tangu juzi. Nikajua dada naye amejifunza biashara.

Alimzungusha hivyo siku tatu. Siku ya ishirini na moja fundi saa alikuja saa nne asubuhi, akasimama katikati ya karakana na kofia mkononi. Mgeni akatoka ndani ya kochi mzima mzima. Akasogea hatua moja, akasimama. Hatua nyingine. Dada alikuwa kwenye cherehani. Akainua kidole kimoja, kwamba asitikisike mtu. Mbwa akafika kwenye kiatu cha fundi saa, akakinusa.

"Mgeni wenu ana adabu," fundi saa akanong'ona. Halafu akasema, "Kwangu pako kimya."

Niliisikia ndiyo. Nimeishi kwa kuisikia ndiyo kabla mtu hajaitamka. Mwili wangu ukafanya unachofanya siku zote. "Unaona? Kakupenda! Tumemaliza!" nikasema, nikainama, nikaushika ule mkanda wa mahameli nimsogeze.

Hakunguruma. Aligeuka tu, na meno yalikuwa yameshaingia chini ya kidole gumba changu na kutoka, kabla sijajua ni yangu ile sauti iliyopiga kelele. Kisha akajikojolea palepale, akaburura tumbo sakafuni, akarudi ndani ya kochi.

Dada hakuangalia mkono wangu.

"Umemshika shingo," akasema.

Fundi saa alivaa kofia yake, akabeba kiti chake, akatoka bila kuaga.

Tukabaki na siku tisa. Mbwa hakula siku ya kwanza, wala ya pili. Ini lilikauka sakafuni kama mwanzo. Hakuwa hata anakwaruza mbao. Alilala ndani mle macho wazi, na ukimulika tochi uliyaona yakikuangalia yasipepese. Dada aliketi mbele ya kochi tangu asubuhi, mgongo kwake, na safari hii hakushika sindano. Nilimletea chai. Ikapoa. Nikamletea nyingine nikachukua ile. Mtu akikutukana unajua pa kushika. Yeye hakunipa pa kushika.

Upumbavu wangu haukuishia hapo. Mkono ulivimba nikaenda zahanati. Nesi akaniuliza mbwa ni wa nani. Nikasema wa mtaani.

"Wa mtaani, basi utachomwa sindano kamili, utarudi hapa mara kadhaa. Angekuwa na kadi ya chanjo tungepunguza."

Huyo nesi hakujua anaongea na nani. Neno kupunguza likisemwa mbele yangu, miguu inatembea yenyewe. Nilirudi dukani, nikachukua kadi ya Mgeni ukutani, nikampelekea. Akapunguza kweli. Nami nikatoka pale nimefurahi, mjinga mimi, kwamba nimeshinda. Kumbe kadi ina namba ya kituo, na nesi anatakiwa kuwapigia.

Kesho yake saa tatu mkaguzi alikuwa mlangoni na faili lake.

"Mkono umepata nini, baba?"

"Msumari."

"Msumari wenye kadi ya chanjo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Dada alikuwa sakafuni pale pale, hakuinuka.

"Mama mkaguzi," nikaanza, "karibu uketi. Hili ni kochi la ngozi, si la kukataa. Tuzungumze kama watu wazima. Kila jambo lina nafasi. Tuseme ni mkwaruzo..."

"Nimesimama vizuri. Na sikuja kupunguziwa." Akatoa karatasi. "Ina visanduku viwili. Cha kwanza, ameuma bila kuchokozwa. Nikiweka alama hapo, mbwa harudi kwa watu. Sindano, kesho. Cha pili, ameuma kwa kuchokozwa. Hapo mbwa hahesabiwi kosa, anaendelea kutafutiwa mtu. Lakini nyumba iliyomchokoza inafutwa. Haipewi mbwa tena."

"Kwa muda gani?"

"Haina muda."

"Nikiomba radhi kwa maandishi?"

"Baba."

"Nikihamia kwingine kulala?"

"Si kulala kwako. Ni mahali. Mbwa waoga wamewekwa penye duka, watu wanaingia na kutoka, tulifumba macho kwa sababu ya huyu mama. Labda duka liondoke, pabaki nyumba yake peke yake. Hapo anaweza kuomba upya."

Alilisema hilo kama mtu anayepita. Mimi nililisikia lote. Duka langu lina miaka ishirini na minane kwenye kona ile. Barabara mbili zinakutana mlangoni kwangu. Najua inachukua muda gani mteja kuzoea mlango mpya, na najua wangapi hawazoei. Nikageuka nikaanza kukagua jora la kitambaa lililokuwa karibu, kama vile kuna doa.

Dada aliniangalia. Si kwa muda mrefu. Aliangalia jinsi ambavyo humwangalia mtu anayemtolea bei, akishajua hatapanda tena.

"Andika kuchokozwa," akasema.

"Dada, subiri kwanza. Fikiri. Huyu ni mmoja. Wako kumi na mmoja koridoni, na watakaokuja nyuma yao. Kila mmoja wao anakuhitaji wewe. Ukitoa wote hao kwa ajili ya mmoja, na mmoja mwenyewe hali, hatoki..."

"Usinihesabie."

"Nasema ukweli."

"Ameshikwa pale alipokatwa na waya. Angeuma mtu yeyote. Ungeuma wewe." Akamgeukia mkaguzi. "Andika."

Mkaguzi alisita kidogo, nami nikaona kwamba alikuwa na matumaini ya jibu lingine. Alimhitaji dada kuliko alivyomhitaji mbwa mmoja. Kisha akaweka alama na kunipa mimi kalamu. Anayetia saini ni yule aliyechokoza. Bendeji haikuniruhusu kukunja vidole. Saini ikatoka kama ya mtoto. Nimetia saini karatasi nyingi maishani, na kila moja nilijua ninachopata.

"Sasa sikilizeni," mkaguzi akasema, sauti imeshuka. "Nyumba ikifutwa, mbwa hawezi kubaki hapa. Namfuata kesho saa sita mchana. Mkinipatia mtu wa kumchukua kabla ya hapo, namwandikia. Msipompata, anarudi koridoni. Na hali yake hii, mama, unajua. Daktari hatamsubiri ale."

Alipoondoka dada alilala kifudifudi mbele ya kochi, shavu sakafuni, na magoti yake yale mabovu yakalia kama bawaba. Kwa mara ya kwanza nilimwona anamwangalia mbwa. Hakutupa ini. Hakusema Mgeni. Walikuwa wanaangaliana tu, wote wawili hawana la kufanya.

Nikavuka barabara kwenda kwa fundi saa.

Nilimuuzia yule mbwa kwa dakika kumi. Nilimwambia ni mlinzi, ni msafi, hali sana, hana kelele. Yeye alikuwa na kioo chake jichoni, kibanio mkononi, na saa ya mtu tumbo wazi mbele yake. Nilipoishiwa, akauliza:

"Alikuuma mara ngapi?"

"Moja."

"Kisha?"

"Kisha... akajikojolea."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Ulijikojolea?"

"Hapana!"

"Basi yeye ndiye aliyeogopa zaidi." Akaendelea na saa yake. Nikasubiri. Sijui kusubiri, nilisubiri.

"Nitafikiri," akasema.

"Fundi, fikiri sasa hivi. Kesho saa sita wanamchukua."

"Sifikiri haraka. Ndiyo maana saa za watu zinarudi zikitembea."

Nilimwambia dada kwamba amekubali nusu. Akaniuliza nusu ipi.

Kesho yake mkaguzi alifika saa tano na nusu na gari la kituo. Nilikuwa nimefunga duka upande mmoja na kusimama mlangoni, nikiangalia ng'ambo. Kibanda cha fundi saa kilikuwa kimefungwa. Hilo halikuwa limetokea siku ya kazi tangu nimjue. Nilijua maana yake: mtu asiyetaka kusema hapana huondoka. Nimefanyiwa hivyo na wateja mara mia.

Ndani, dada alikuwa anajaribu kumtoa mbwa kwenye kochi. Ini halikufaa. Boksi la mbao lilikuwa wazi mbele yake na mbwa alikuwa amejibana pembe ya mbali, anatetemeka hadi spring'i zinalia.

"Mama, wacha nitumie kitanzi," mkaguzi akasema.

"Cha shingoni?"

Mkaguzi akakiweka kitanzi chini.

"Bado nusu saa," dada akasema.

"Nusu saa haibadilishi kitu."

"Basi niachie, maana haina thamani kwako."

Mteja mmoja akaja kuulizia meza. Nikamwambia leo hatuuzi. Alinitazama kama niliyeugua. Dakika zikaenda. Saa sita kasoro dakika nane nilimwona fundi saa akija kutoka upande wa stendi, anatembea taratibu, mkononi ana mfuko wa karatasi unaovuja damu. Alikuwa ameenda kununua maini.

Hakunisalimu. Alipita hadi karakanani, akaketi sakafuni kando ya dada, mgongo kwa kochi kama yeye, akauweka mfuko katikati yao.

"Hata mimi ningemng'ata," akasema, na kunionyesha kwa kidevu.

Dada alicheka. Kicheko kidogo, kilichokatika katikati na kugeuka kitu kingine, akajifuta kwa kitambaa cha kochi. Kisha akaanza kumwagia maneno, haraka haraka, kama anayemimina mpunga gunia lina tundu.

"Ufagio usiinue mbele yake. Mkono usitoke juu, utoke chini. Chakula weka nyuma yako. Usimwite. Shingo usiguse, hata mwaka ukiisha. Akitoroka usimkimbize, keti ulipomwona mwisho."

"Na akiniuma?"

"Usipige kelele."

"Na jina?"

Dada akausukuma mfuko wa maini upande wake. "Hilo utampa wewe."

Mkaguzi aliandika karatasi zake: wiki moja ya majaribio, kisha fundi akubali moja kwa moja au arudishe. Vizuri. Lakini mbwa alikuwa bado ndani ya kochi, na hakuna aliyekuwa na njia ya kumtoa bila kumvunja upya.

Dada aliinuka. Akachukua kipande cha kitambaa chepesi, cha kupitisha hewa, kile tunachotumia chini ya viti. Akachukua sindano nene na uzi wa nta. Akapiga magoti nyuma ya kochi na kuanza kuushona mgongo wake, mbwa akiwa ndani.

Mkaguzi alifungua mdomo. Nikamwashiria anyamaze, na kwa mara ya kwanza akanisikiliza.

Alishona polepole, mshono baada ya mshono, bila kuvuta uzi kwa nguvu. Nimeuza kazi yake miaka ishirini na minane. Sijawahi kuona mishono ile. Kila alipofika karibu na mbwa alisimama, akasubiri spring'i ziache kulia, akaendelea. Mwisho lilibaki tundu la ukubwa wa kiganja. Akaingiza mkono humo, kiganja juu na kipande cha ini ndani yake, akauacha. Hatukuona kilichofanyika ndani. Alipoutoa ulikuwa umelowa, na ini halikuwepo. Akafunga tundu.

"Beba," akaniambia.

"Hilo kochi la daktari wa..."

Sikumaliza. Nikaenda upande mmoja, fundi saa na dereva wa kituo upande wa pili. Tulilibeba wima kidogo, kama jeneza, tukalipakia.

"Chumba changu ni kidogo," fundi saa akasema akipanda. "Hili likiingia mimi nitalala wapi?"

"Kwenye kochi," dada akasema. "Juu yake. Utamsikia akigeuka."

Mkaguzi alikuwa wa mwisho. Alirudi ndani, akatoa ukutani kibali cha kituo kilichokaa pale miaka sita, akakitia kwenye faili bila kumwangalia mtu. Alimshika dada bega. Dada alimwuliza wale wa koridoni watapelekwa wapi. Mkaguzi akasema hajui.

Siku ya pili nikaweka viti vinne pale kochi lilipokuwa. Sitaki kusema uongo: nafasi ni nafasi. Dada alivizunguka akienda kabatini, akatoa nyundo, akapiga kazi za wiki tatu kwa siku mbili. Wateja wakafurahi. Daktari wa meno nilimtafutia kochi jingine. Kila kitu kilirudi mahali pake na mimi nikawa silali vizuri.

Siku ya nne nilitaka kumwambia habari ya duka. Kwamba labda, tukitazama vizuri, kuna chumba mtaa wa pili. Nilisimama mbele yake na maneno yote mdomoni. Akaondoa misumari katikati ya midomo yake.

"Una la kusema?"

"La. Nauliza kama sponji imebaki."

"Imebaki," akasema, akairudisha misumari.

Siku ya tisa simu ya duka ililia. Alikuwa fundi saa. Kwa mtu wa maneno matano, alikuwa na mengi. Mbwa alikuwa ametoka mwenyewe kupitia mgongoni mwa kochi, baada ya kuutafuna mshono usiku wa pili. Alikuwa anakula. Jana usiku alikuwa amelala karibu na miguu yake wakati yeye anatengeneza saa chumbani kwake. Karatasi ameshatia saini, mkaguzi ameshaichukua, mbwa ni wake, basi.

Nikamwambia dada yote kama yalivyosemwa. Alikuwa anapima kitambaa, futikamba shingoni.

"Anakula akiangalia wapi?" akauliza.

"Sasa hilo ni swali gani?"

"Muulize."

Nikamwuliza fundi saa. Nikasikia akiweka simu chini kwenda kuhakikisha. Kisha akanijibu.

"Anasema akiangalia mlangoni, kama anayemngoja mtu," nikamwambia dada.

Aliendelea kupima. Alifika mwisho wa kitambaa, akaweka alama kwa chaki, akasahau namba, akaanza upya.

"Mwambie aufunge," akasema.